Sweta la Yustina

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema ili asije mtu akanihurumia pasipostahili. Sinywi maji kwenye kikombe ambacho sijakiosha mwenyewe, sikai kwenye kiti cha basi kabla sijakipangusa, na nikialikwa kula kwa watu namwangalia mpishi kucha kwanza, chakula baadaye. Majirani zangu hapa Mlandizi wameshanizoea. Wanajua kwamba Mama Rajabu akiletewa mandazi atauliza ni nani aliyeukanda unga. Nimeishi hivyo miaka hamsini na tatu, na muda wote huo nilikiita kinyaa changu usafi, tena nikajisifu nacho mbele za watu. Mwezi uliopita, kwenye msiba wa mwanamke aliyenifundisha kushika kroshia, nilipata kinyaa cha aina nyingine, cha kujiona mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri kooni.

Marehemu tulimwita Mama Upendo, kwa jina la binti yake. Alikuwa mtu wa Njombe, karani wa ofisi ya serikali pale Kibaha, na nyumba yake ya Maili Moja ndiyo niliyokaa nilipokuwa msichana. Tulimzika Jumamosi. Siku ya tatu wanawake wachache tuliitwa chumbani kwake kupanga nguo zake, zipi za ndugu, zipi za kugawa. Upendo, ambaye nilimwacha mtoto wa miaka tisa na sasa ni mama wa watu anayekwenda kazini Dar alfajiri na kurudi jua likizama, alipiga magoti mbele ya sanduku la bati akawa anatoa kitu kimoja kimoja. Akafika chini kabisa akatoa skafu ya sufu ya kahawia. "Dada Mwanaidi, unaikumbuka hii?" akaniuliza, kisha akawageukia wenzetu. "Hii ndiyo skafu ya kwanza ya dada. Aliifuma kwa sweta la marehemu bibi. Babu alilisahau kwenye rundo la mitumba, dada wa watu akalifumua akidhani ni la biashara!" Wanawake wakacheka, kicheko cha msibani kile cha kufunika mdomo kwa upande wa kanga. Na mimi nikacheka. Upendo akaendelea, sauti imeshuka: "Ndiyo siku tuliyojua akili ya babu imeanza kuondoka. Na mama naye mwishoni ikawa hivyo hivyo, mlimwona. Kwetu ni ugonjwa wa ukoo." Akaishika simu yake, iliyokuwa inaning'inia kifuani kwa kamba. "Mimi nami nimeanza. Juzi nimekuta funguo zangu kwenye friji. Ndiyo maana hii nimeifunga shingoni." Akaiweka ile skafu mapajani mwangu. "Chukua dada, ni yako." Nikaiinua nikainusa. Ilikuwa na harufu ya vidonge vya mende tu, basi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na jina langu lilikaa mahali ambapo mama yangu aliomba tusipataje mbele ya wageni. Mama Upendo alikuwa anatafuta msichana wa kukaa na mwanawe na kumsaidia kazi ya mikono, nami nilikuwa natafuta mahali popote penye umeme, hivyo nikatoka Kisarawe nikaenda. Sebule yake ilikuwa imevaa kuliko mimi. Kila kochi lilikuwa na vitambaa vitatu vya kufuma, viwili vya kuwekea mikono na kimoja cha mgongoni. Redio ilikuwa na chake, chupa ya chai na chake, na mtungi wa maji ulikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni ili kisipeperuke. Vyote alivifuma yeye, akirudi ofisini, miguu ikiwa juu ya kigoda. Chakula ndicho kilichonishinda. Kwetu mboga isiyo na nazi hupewa mgonjwa. Pale maharage yalichemshwa, yakatiwa chumvi na kitunguu, yakaletwa mezani hivyo hivyo, maji yake yamejitenga upande mmoja wa bakuli, na watu wakafumba macho wakamshukuru Mungu kwa sauti kabla ya kuyala. Mimi nilikuwa nameza bila kutafuna, na miezi ya mwanzo nilikonda.

Mama Upendo alikuwa na jicho la biashara. Aliona kwamba wachuuzi wa mnadani Mlandizi wakifungua robota la mitumba wanayatupa masweta pembeni, kwa sababu nani atavaa sweta kwenye joto la Pwani. Akawa anayachukua yote kwa mkupuo. Hatukuyauza. Tuliyafumua, tukayaosha, na ule uzi tukafumia vitambaa vya makochi, kofia za watoto wachanga, na ikikaribia Krismasi, skafu, maana Kibaha ilikuwa imejaa watu wa bara, na kila Desemba walikuwa wanarudi kwao kwenye baridi. Rundo lilikaa kwenye kona ya baraza ya nyuma. Sijasahau harufu yake. Lilikuwa na jasho la watu nisiowajua, manukato yaliyochacha, maziwa yaliyotapikwa na watoto wa nchi nyingine. Kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kuingiza mikono mle. Unageuza sweta ndani nje, unatazama mishono ya ubavuni. Lililokatwa na kushonwa kwa mashine unaliacha, uzi wake unakatika kila mstari. Lililofumwa kwa mkono unalikata fundo, unavuta, nalo linaanza kuisha mbele ya macho yako, mkono, kifua, shingo, mpaka unabaki na uzi uliojikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Unauosha, unauanika ukiwa umeufunga jiwe chini ili unyooke. Kila jioni nilijisugua mikono kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikanibabuka.

Kisha nikaanza kufundishwa. Somo la kwanza lilikuwa mnyororo: unafanya kitanzi, unapitisha kroshia, unavuta uzi, na kitanzi kingine kinatoka ndani ya kile cha kwanza. Siku mbili nzima nilifuma mnyororo usio na kazi. Siku ya tatu Mama Upendo akasema sasa skafu, kazi ambayo hata mtoto anaweza, vitanzi ishirini na vinne, unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, huna pa kukosea. Nikakosea. Skafu yangu ilianza na upana wa kiganja ikaishia na upana wa kidole. Nikaifumua nikaanza upya, ikakonda tena. "Mwanangu, hii umefuma tai," Mama Upendo akasema, akaivaa shingoni akatembea nayo sebuleni kama bwana mkubwa wa ofisini kwake, na Upendo akacheka mpaka akakaa chini. Alinionyesha tena, lakini mikono yake ilikuwa na kasi mno na mimi nilikuwa naona haya kuuliza mara ya tatu. Akasema basi, hadi mwisho wa mwaka nitakuwa nimejua, la sivyo ataniombea kazi ya kupika mgahawani.

Babu aliletwa mwezi wa nne, kutibiwa macho. Alikuwa baba yake Mama Upendo, mjane, mrefu, mkavu, na aliingia ndani na mfuko mmoja wenye Biblia, shuka, kopo la maziwa ya unga, na sweta la kahawia la mwanamke. "Kamwene, binti," akanisalimu kwa lugha ya kwao, na mimi nikamwambia shikamoo huku nikilitazama lile kopo. Babu alikuwa anakula ugoro. Aliuweka chini ya mdomo, akaukalisha, kisha akatema, mchana kutwa, ndani ya kopo lenye mchanga kidogo. Ulikuwa ute wa kahawia, mzito, wenye uzi unaobaki mdomoni ukivutika kabla ya kukatika, na yeye akiufuta kwa kiganja na kile kiganja akakipangusa kwenye suruali. Kila asubuhi kulimwaga lile kopo ilikuwa kazi yangu. Nililishika kwa gumba na shahada tu, mkono nimeunyoosha mbali na mwili wangu, pumzi nimeibana kutoka chumbani hadi kwenye shimo la takataka. Nilidhani haoni. Siku moja akaniambia, bila hasira, "Binti, vile vidole vingine vitatu vimekatwa?" Nikacheka. Nikatoka nje nikatema mate mara tatu.

Lakini kopo lilikuwa afadhali. Sweta ndilo lililonitia kichefuchefu. Lilikuwa la mkewe, Yustina, aliyelifuma mwenyewe kwa sufu ya kondoo miaka mingi kabla, akalivaa jikoni kila siku mpaka kufa kwake. Babu alililalia. Alilikunja akaliweka chini ya shavu, na usiku ugoro ulimtoka mdomoni ukaingia mle. Lilikuwa na moshi wa kuni, mafuta ya nywele, jasho la mwanamke mzee na mate ya mwanaume mzee, na kwenye joto la Kibaha ile harufu ilisimama mlangoni ikikungoja. Hakulitaja kama sweta. Aliliita Yustina. "Yustina ameanguka, niokotee," alikuwa ananiambia, na mimi, kwa kuwa haoni vizuri, nikaliinua kwa mti wa ufagio. Mama Upendo alijaribu mara moja kulifua. Babu alikaa juu yake kama kuku anayeatamia, akakataa kuinuka hadi mwanawe alipoondoka kwenda kazini.

Macho yake yakatengenezwa. Siku alipotolewa bandeji alikaa barazani akatazama kila kitu, kuku, kamba ya nguo, mimi. Nilikuwa na skafu yangu ya tano. "Kitambaa chako kinakonda," akasema. "Hakijala?" Akaniomba nikilete, akakipapasa ukingoni kwa kucha yake yenye ugoro, nami nikageuza uso. "Ulianza na vingapi?" Nikamwambia ishirini na vinne. "Sasa hapa ni kumi na tisa. Hiki cha mwisho kabisa unakiacha, kila mstari. Kinajibana pembeni, unadhani ni fundo. Yustina alikuwa anahesabu kwa sauti. Akifika ukingoni anahesabu ndipo ageuke. Mimi usingizi wangu ulikuwa ni kuhesabu kwake." Kuanzia siku hiyo nilikaa naye jioni, mimi nafuma, yeye anahesabu pamoja nami, moja, mbili, tatu, na tukifika ishirini na nne anagonga kopo lake kwa ukucha, geuka. Vidole vyangu vikaanza kukiona kile kitanzi cha pembeni. Ningependa kuandika kwamba hapo nikampenda. Watu wengi wangeandika hivyo. Mimi niliendelea kukaa upande ambao upepo unatoka, na kila akitema nilisimamisha pumzi hadi nisikie mate yamefika kwenye mchanga.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Babu alilizungumza asubuhi na jioni: kurudi kwao. Alitaka Krismasi imkute nyumbani kwake, kwenye kilima, karibu na kaburi la mkewe. Nilimsikia Mama Upendo akimwambia jirani yake dirishani, wakati mimi naosha vyombo upande wa pili wa ukuta: "Macho yamepona, akili anazo kuliko mimi. Nitampandisha basi Desemba, kaka zangu watampokea kule." Jirani akasema, "Na wewe utapumua, ile harufu!" Mama Upendo akacheka kidogo, akasema, "Ni baba yangu, nifanyeje." Babu alimweleza kila aliyeingia uani kwamba anaondoka. Alimweleza muuza maji. Alinieleza mimi kila siku, kama habari mpya.

Mwezi wa kumi binamu yangu alikuwa anaolewa Kisarawe, nikapewa ruhusa ya wiki mbili. Mama Upendo akanifungia masweta manne kutoka kwenye rundo, akaniambia nikafumue huko na nirudi na skafu moja iliyonyooka. Asubuhi ya safari nilibadilisha shuka za Babu kama kawaida. Yeye alikuwa nje anaota jua. Nikainua mto, na lilikuwepo, limekunjwa, bado lina umbo la shavu lake na unyevu wa usiku. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilitaka ile sufu, maana ilikuwa nzuri kuliko uzi wote wa nyumba ile. Si kweli. Uzi nilikuwa nao, masweta manne mazima. Nililitaka liishe. Nilitaka nikirudi nikute chumba kile hakina ile harufu tena. Nikalitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikalisukuma chini ya yale manne, nikatoka nikamuaga. Akaniambia nisisahau kuhesabu.

Nyumbani Kisarawe mama yangu aliufungua mfuko kabla yangu, akauachia. "Mwanaidi, umetuletea beberu?" Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wanakuna nazi, wanachambua mchele, na kwenye ukuta wa nje nikakaa peke yangu na lile sweta kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa nami. Nililigeuza ndani nje. Hadi leo, baada ya kufuma miaka thelathini na zaidi, sijaona kazi safi kama ile. Hakuna kitanzi kilichoruka. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetobolewa na kitu, pengine moto, na Yustina ameziba kwa uzi wa rangi nyingine, kwa subira, kitanzi kwa kitanzi, hata kwa ndani pakawa pazuri. Fundo la mwisho alilificha shingoni. Nikalitafuta kwa ncha ya kroshia, nikalikata, nikavuta. Lilichukua asubuhi moja tu kuisha. Niliuosha ule uzi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, maji ya kwanza yakatoka na rangi ya chai ya rangi, ya pili hivyo hivyo, ya tatu yakapungua. Ya tano yalitoka meupe. Nakumbuka furaha yangu nilipoyaona yale maji meupe, na nikiikumbuka sasa hivi mdomo unanijaa mate ya kutapika.

Nilifuma siku tano, huku ngoma ya harusi inapigwa uani, nikihesabu kwa sauti hadi shangazi zangu wakauliza kama nimerudi na mashetani ya Kibaha. Ishirini na nne, geuka. Ishirini na nne, geuka. Ikanyooka mwanzo hadi mwisho, laini, haina harufu hata ya sabuni. Ilikuwa skafu yangu ya kwanza ya kweli. Mama yangu akaitandaza mkononi akasema nzuri, sasa nani ataivaa na jua hili.

Niliporudi Maili Moja nilimkuta Mama Upendo mlangoni, macho yamevimba. "Babu yako sweta halionekani. Wiki mbili hizi halali, anazunguka, anatoa kila kitu nje. Upendo amekaguliwa hadi daftari zake." Jibu nilikuwa nimelitengeneza tangu kwenye basi. "La kahawia, mama? Nililikuta juu ya rundo asubuhi ile ninaondoka, nikadhani ni la mtumba. Babu atakuwa aliliacha pale alipotoka kuota jua." Nikatoa skafu. Akaitazama, akafumba macho. "Mungu wangu," akasema, na baada ya muda akaniwekea mkono begani. "Si kosa lako. Nani angejua." Mtu mwingine yeyote duniani angecheka kusikia kwamba sweta la marehemu limefumuliwa kwa bahati mbaya. Katika nyumba ile, yenye rundo lile, lilikuwa kosa la kawaida kabisa, na ndiyo maana lilipita.

Babu alikuwa amekaa kitandani. Mama Upendo alimweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza naye hivyo. Babu akanitazama mimi kwa yale macho yake yaliyopona. "Mimi nililiweka pale?" Ningeweza kusema. Alikuwa ananiuliza mimi, na alikuwa tayari kupokea jibu lolote. "Ndiyo, babu," nikasema. "Juu ya rundo." Akaitazama mikono yake, mmoja, kisha mwingine, akiigeuza. Akaomba ile skafu. Akaiweka puani akavuta pumzi ndefu, akasubiri, akavuta tena. "Hamna Yustina humu," akasema. Akaikunja vizuri, akampa mwanawe. Kisha akanigeukia akasema maneno ambayo nimeishi nayo kama mfupa wa samaki. "Nisamehe, binti. Nimekusumbua na safari yako."

Kuanzia hapo hakujiamini tena. Kesho yake akaniomba nimfumie mnyororo, ile kazi ya siku ya kwanza, kwa mabaki ya uzi uleule wa kahawia. Nikamfumia. Akafunga miwani yake kwenye kifungo cha shati. Akaomba mwingine, akafunga Biblia mkononi. Akaomba mwingine wa kopo, mwingine wa ufunguo wa nyumba yake ya Njombe. Alitembea uani akiwa amefungwa vitu vyake vyote mwilini, ili asije akavitupa, na kila mgeni aliyeingia aliona na kutikisa kichwa. Nilimsikia Mama Upendo dirishani tena, na jirani yuleyule. "Tiketi nimeiacha. Nitampandishaje basi peke yake? Sweta la mama mwenyewe amelitupa kwenye mitumba, akishuka njiani nani atajua?" Desemba ikafika, skafu zetu zikauzwa kwa watu wa bara waliokuwa wanakwenda kwao, na Babu akabaki. Siku ya Krismasi alivaa shati jeupe akakaa barazani na ufunguo wake kifuani. Hakuuliza tena safari. Pengine alidhani ameshauliza.

Mwezi wa pili kifua kikambana, akafa kwenye kile chumba ambacho hakikuwa na harufu yoyote. Wakamsafirisha kwao kwenye gari la maiti. Kabla hajavishwa, Mama Upendo aliniambia nifungue zile nyuzi. Mafundo yalikuwa madogo, ameyafunga kwa meno, na bado yalikuwa na ugoro, ikanibidi nitumie vidole vyote kumi. Nilikaa Kibaha miaka mingine miwili, nikawa fundi, nikaolewa Mlandizi nikiwa najulikana kwa kazi iliyonyooka. Watu huniuliza nilifundishwa na nani. Nawajibu, na Mama Upendo.

Siku ile ya kupanga nguo, wenzetu walipokuwa wametoka kwenda kula, tulibaki wawili chumbani, mimi kitandani na kikombe cha chai ambacho nilikuwa nimekiosha mwenyewe, Upendo sakafuni akikunja kanga za mama yake. Kwa dirisha lile la siku zote sauti za wapishi zilikuwa zinaingia. Simu yake ilikuwa inagonga kifungo cha gauni kila akiinama. Nilimtazama ile kamba shingoni nikaona siwezi kuvumilia tena, na naomba nisisifiwe kwa hilo, maana kama asingetaja friji ningekwenda nalo kaburini. "Upendo," nikamwambia, "babu yako hakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Hakuliacha kwenye rundo. Mimi nililitoa chini ya mto wake."

Akaacha kukunja. "Ulidhani ni..."

"Sikudhani kitu. Nilijua ni lake."

Nilitegemea alie, au anipige, na vyote viwili nilikuwa nimejiandaa navyo. "Alikuwa anakwenda nyumbani," akasema. "Mama alimzuia kwa sababu ya lile sweta. Mpaka anakufa mama alikuwa anasema, bora nilimzuia, angepotea njiani." Kisha akaniuliza, "Kwa nini, dada?"

Nilitafuta sababu kubwa. Miaka yote hii nilikuwa na uhakika kwamba siku nikiulizwa itapatikana. "Lilikuwa linanuka," nikasema.

Upendo akainuka. Akaichukua skafu mapajani mwangu kwa mikono yote miwili, akaikung'uta mara moja, akairudisha ndani ya sanduku la bati, akafunga. Akageuka akaona kikombe changu kimekwisha. Alikuwa amelelewa vizuri, na nyumba ilikuwa na msiba, na mimi nilikuwa mgeni. Akakishika kwenye kishikio, kwa gumba na shahada tu, akatoka nacho nje, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake.